Mtu wa Tanga katika joto la Muscat

Nilipoondoka Tanga mwezi wa Juni kwenda Muscat, mji mkuu wa Omani, kumtembelea shangazi yangu, sikuwa na hofu yoyote ya joto. Nimezaliwa Pwani, nimekulia katika nyumba ya bati isiyo na dari, na kila mwaka kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Machi, hulala feni ikizunguka usiku kucha bila kulalamika. Shangazi aliponipigia simu kunisihi niisogeze safari hadi Novemba, nilicheka nikamwambia kwamba mimi na joto ni ndugu. Siku ya tatu baada ya kufika nilikuwa nimelazwa kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba ya watu nisiowajua, nguo zimeloweshwa maji, naulizwa jina langu na kulitafuta kichwani bila kulipata.

Nawaandikia wale wanaofanana nami, watu wa Dar es Salaam, Mombasa, Unguja au Lamu, ambao huenda kuwaona ndugu zao Uarabuni wakati wa likizo za katikati ya mwaka wakiamini kwamba kuzaliwa Pwani ni kinga. Mtu wa Iringa au Limuru akifika Muscat hujihadhari tangu anaposhuka kwenye ndege, kwa sababu anajua kwamba hajui. Sisi wa Pwani tunadhani tunajua, na hapo ndipo tunapoumia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la majira. Juni kwetu ni kipupwe: kusi inavuma, mchana joto huwa karibu nyuzi 29, na usiku wengine hujifunika shuka zito. Mwili wangu ulikuwa umekwisha kulisahau joto la Februari, maana mazoea ya joto hayakai mwilini kama mtu anavyokaa na jina lake. Mtu akikaa kwenye joto kali kwa wiki moja hadi mbili, jasho huanza kumtoka mapema zaidi, huwa jingi zaidi na hubeba chumvi kidogo, maji ya damu huongezeka, na moyo hufanya kazi ileile kwa mapigo machache. Akiondoka kwenye joto hilo kwa wiki chache, mabadiliko hayo hupotea yote. Kwa hiyo aliye na likizo ya siku saba aelewe kwamba mwili wake utaanza kuzoea wakati anafunga mizigo kurudi, na zile siku tatu za mwanzo, ambazo kila mgeni hutaka kuzijaza matembezi, ndizo anazopaswa kuzipitisha kwa uvivu mkubwa kuliko zote.

Kosa la pili lilikuwa kudhani kwamba usiku utanipumzisha. Muscat iko kati ya bahari na milima ya mawe matupu. Mchana wa Juni hufika nyuzi 40 na kuzidi, na jua likizama mawe huanza kulitoa joto yaliyolinywa mchana kutwa, huku unyevu wa bahari ukilizuia jasho kukauka. Jasho lisipokauka halipozi kitu, hutiririka tu. Huko Quriyat, mji wa pwani ulio kusini mashariki ya Muscat, tarehe 26 Juni 2018 joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima. Hicho ndicho kilikuwa kipimo cha saa yenye nafuu kuliko zote.

Sasa nieleze ya siku ile ya tatu. Binamu yangu alikuwa amerudi likizo kutoka masomoni Uingereza, naye akiwa amelisahau joto la kwao kama nilivyolisahau la kwetu. Tuliondoka saa tatu asubuhi kupita njia ya zamani ya milimani inayotoka Riyam na kuteremkia Muttrah, mitaa miwili ya Muscat. Si njia ndefu, na mwezi wa Januari watu huipita huku wakipiga soga. Lakini milima hiyo haina mti wa kujificha, mawe yake ni meusi meusi, na kufikia saa nne joto lilikuwa likitupiga kutoka juu, kutoka chini na kutoka ubavuni. Kila mmoja wetu alikuwa na chupa moja ya lita moja na nusu, nami nilivaa fulana ya kubana ya mazoezi na kofia ndogo isiyofunika shingo.

Kichwa kilianza kuuma, kikafuata kichefuchefu, nami nikaviona vyote viwili kuwa ni uchovu wa kawaida. Kisha nikasikia baridi. Vinyweleo vya mikono vilisimama katikati ya jua lile, nami nikamwambia binamu kwa furaha kwamba upepo umebadilika na mwili umeanza kuzoea. Baada ya hapo kumbukumbu zangu ni vipande vipande. Yeye ndiye aliyenisimulia kwamba nilianza kuyumba, kwamba nilijibu maswali ambayo hakuniuliza, na kwamba alinikokota hadi kwenye nyumba za mwanzo za upande wa Muttrah. Wazee wawili walitoka, wakanilaza kivulini, wakanivua fulana, wakanimwagia maji kichwani, shingoni na makwapani, huku mmoja akinipepea kwa kanzu iliyokuwa imeanikwa. Binamu alipotaka kuninywesha maji, mzee huyo alimkataza kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kabisa: asipewe kitu mpaka ajue yuko wapi. Nilipelekwa hospitali, nikatundikiwa dripu, na jioni nikarudi nyumbani nikiwa na aibu kuliko maumivu.

Mzee yule alifanya kila kitu sawasawa, na ningependa kila msafiri ayajue aliyoyajua. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, mkakamao wa misuli, kizunguzungu, jasho jingi na ule ubaridi wa ajabu ni dalili kwamba mwili umeanza kushindwa. Mtu akipumzika mahali penye ubaridi na kunywa maji polepole, kwa kawaida hurejea hali yake. Lakini maneno yakianza kupotea, mtu akichanganyikiwa, akigomba bila sababu au akizimia, hilo limekuwa jambo la kufa na kupona, kwa sababu joto la ndani ya mwili huwa limefika nyuzi 40 au zaidi na ubongo umeanza kuathirika. Wengi husubiri waone ngozi imekauka ndipo waamini, na kusubiri huko ni hatari, kwani aliyeangushwa na joto akiwa anatembea au anafanya kazi anaweza kuwa bado anatokwa na jasho. Piga simu ya kuomba msaada, lakini usikae ukingojea gari: mpoze hapohapo kwa maji mengi na kumpepea. Vidonge vya kushusha homa havisaidii, kwa sababu hiyo si homa, na maji ya kunywa hupewa mtu mwenye fahamu kamili tu, asije akapaliwa.

Tangu siku hiyo shangazi aliichukua saa yangu, kwa maana halisi kabisa, na kunipangia siku upya. Tuliamka kabla ya alfajiri. Juni huko jua huchomoza mapema sana, na kuanzia sala ya alfajiri hadi saa moja na nusu ufuko wa Qurum huwa na watembeaji wengi kuliko utakaowaona mchana kutwa. Saa mbili tulikuwa tumerudi. Baada ya chakula cha mchana mapazia yalifungwa na nyumba nzima ikalala. Soko la Muttrah nalo hufungwa mchana na kufunguliwa tena jioni, kwa hiyo mgeni anayelikimbilia saa saba hupata jua bila biashara. Hata sheria ya Omani hukataza kazi za nje juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu alasiri kwa miezi ya Juni, Julai na Agosti. Nilijiona mpumbavu nilipotambua kwamba nilikuwa nimelipa nauli kwenda kujipa kazi ambayo serikali ya huko imewakataza waajiri kuwapa vibarua. Maisha ya mji huanza baada ya magharibi, na mgeni anayekubali kuishi usiku hatakosa cha kuona. Tulikwenda Ras al Jinz, ambako kasa hupanda ufukweni kutaga mayai, na matembezi ya huko hufanyika usiku na alfajiri kwa sababu ya kasa wenyewe, bila kumuuliza mtu kama analiogopa jua.

Katika nyumba za huko kuna jambo lililonishangaza. Matangi ya maji yako juu ya paa, hivyo wakati wa kiangazi mfereji wa maji baridi hutoa maji ya kuunguza. Shangazi huzima hita ya bafuni tangu Mei. Maji yanayotulia ndani ya tangi la hita, lililo ndani ya nyumba yenye kiyoyozi, hupoa, na hivyo mfereji wenye alama nyekundu ndio unaotoa maji ya kuoga yanayovumilika. Mgeni asiyeambiwa hili huoga maji ya moto siku tatu huku akiilaumu nyumba.

Kuhusu kiyoyozi, vijana wa nyumba ile walikuwa wakikiweka nyuzi 18, nami nilitoka humo nikaingia kwenye nyuzi 42 mara nne kwa siku moja hadi kichwa kikapasuka. Nyuzi 24 au 25 zinatosha kulala vizuri. Feni peke yake ni nzuri maadamu hewa haijawa ya moto sana, lakini hewa ya chumba ikizidi nyuzi 40 feni humpulizia mtu joto tu, sawa na kukaa mbele ya tanuri la mkate. Ndiyo maana anayetafuta nyumba ya kupanga kwa bei nafuu aulize kwanza kama kiyoyozi kinafanya kazi, kabla ya kuuliza habari ya intaneti.

Maji hunywewa kidogo kidogo kutwa nzima bila kungojea kiu, na rangi ya mkojo ni kipimo kizuri: ukiwa wa manjano iliyokolea, umechelewa. Hata hivyo, kunywa maji matupu kupita kiasi huku ukitokwa na jasho jingi hupunguza chumvi ya damu, jambo ambalo nalo ni hatari. Shangazi alinipa laban, yale maziwa ya mtindi mepesi, pamoja na chumvi kidogo, na tende mbichi ambazo msimu wake ni huohuo. Mavazi nayaacha kwa sentensi moja: kanzu pana ya pamba nyeupe ilinifaa kuliko nguo zote za michezo nilizonunua.

Kwa wanaotumia dawa, jambo hili lisipuuzwe. Baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo, na baadhi ya dawa za mzio hupunguza jasho. Usiziache, ila mwone daktari kabla ya safari umweleze unakokwenda. Insulini huharibika kwa joto, na gari lililoegeshwa juani huwa moto kuliko nje ndani ya dakika chache, kwa hiyo dawa haiachwi humo, wala mtoto haachwi humo hata kwa muda wa kununua mkate.

Ukiwa na siku za ziada, hama kabisa. Uwanda wa Saiq katika milima ya Jebel Akhdar una kimo cha takriban mita 2,000, na huko watu hulala madirisha wazi, ingawa polisi wa kizuizi cha Birkat al Mouz hawaruhusu kupanda isipokuwa kwa gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne. Mimi nilimalizia likizo Salalah, umbali wa takriban kilomita 1,000 kusini, ambako kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba pepo za kusi, zile zile zinazotupa kipupwe Tanga, huvuka bahari na kuifunika milima kwa ukungu na manyunyu. Familia kutoka nchi zote za Ghuba hukimbilia huko kwa wakati mmoja, hivyo tafuta chumba miezi kadhaa kabla. Na ubebe sweta. Mimi niliazima.