"Mama mjamzito" sawa, ila hiyo "haina madhara" hapana

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandaa kipeperushi cha duka la dawa, nimeandika "Tafiti zimethibitisha dawa hii haina madhara kwa mama mjamzito." Mwenzangu anasema nifute "mama", mjamzito inatosha. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Mwenzako yuko sahihi ila msigombane. Mja ni mtu, kiumbe, ndo huyohuyo wa "waja wa Mungu", na mzito mnajua, kwa hiyo mmoja mjamzito, wengi wajawazito (hiyo "wamjamzito" ya mitandaoni sijui mmeiokota wapi). "Mama" ni heshima ya kliniki tu, manesi wanamwita mama hata binti wa mimba ya kwanza, nishachoka kupigana nayo, ikae.

Kinachonikera mimi kiko katikati ya sentensi na nyie wawili mmekiruka: "zimethibitisha haina madhara". Haina! Kiswahili kina -ja-, kadude kadogo lakini kazi yake ndo hii, mgeni hajafika sio sawa na mgeni haji, na mtoto wa chekechea anajua. "Hayajaonekana madhara" maana yake tumetafuta, mpaka leo hatujayaona, na bado tunatafuta. "Haina" maana yake faili limefungwa nendeni nyumbani. Ujerumani 1957 waliingiza sokoni thalidomide wakiisifia kuwa ni salama kabisa, wajawazito wakaimeza kwa ajili ya usingizi na kichefuchefu, mpaka inaondolewa mwishoni mwa 1961 balaa lishaenea, inakadiriwa watoto zaidi ya 10,000 duniani walizaliwa na mikono na miguu mifupi au hawana kabisa, na wengi hawakuishi. Hiyo ndo "haina" yenu.

Na ugonjwa huohuo una upande wa pili. 2018 kule Botswana watafiti waliona kati ya watoto 426 ambao mama zao walishika mimba wakiwa wanatumia dolutegravir, dawa ya VVU, 4 walikuwa na kasoro za ubongo na uti wa mgongo. Wenyewe wakasema imeonekana dalili, ngoja tuendelee kuhesabu. Huku nje ikageuka "ina madhara" basi, nchi kadhaa zikawawekea ngumu wanawake wa umri wa kuzaa, ikabidi wanawake wanaoishi na VVU wakutane Kigali mwaka huohuo kudai waachiwe wachague wenyewe. Hesabu ikaendelea, tofauti kati yao na waliotumia dawa nyingine za VVU ikawa inapungua, 2019 WHO ikaipendekeza kwa wote, wajawazito wakiwemo, na baadaye tofauti yenyewe ikayeyuka. Aliyesema "imeonekana" hakumeza maneno yake, aliyesema "ina" sijui alijificha wapi.

Halafu hilo "madhara" lenyewe, la Kiarabu hilo, mnalibandika hata kwenye kichefuchefu cha siku mbili. Manesi wa uzazi wa mpango wanasema "maudhi madogo madogo", wamewazidi akili, maana mjamzito akisikia madhara anaweza kuacha dawa ya kifafa kimyakimya bila kumwambia daktari, na degedege likimkuta ni hatari kwake na kwa mtoto.

Sentensi yako dada yangu, kama kweli hizo tafiti zipo na umezisoma, iandike hivi: "Tafiti zilizofanyika mpaka sasa hazijaonyesha madhara kwa wajawazito waliotumia dawa hii." Najua ni ndefu, mtu wa usanifu atalalamika haiingii kwenye karatasi. Apunguze picha.