Baiskeli ya resi ukubwani: usinunue siti ya jeli kabla hujashika spana

Mkuu, nimekuelewa. Una miaka 43, kazi yako ni ya kukaa ofisini, ulitazama mashindano ya dunia ya Kigali Septemba 2025 damu ikachemka, ukanunua baiskeli ya resi ya mtumba. Sasa ukitoka Tegeta, Dar, kuelekea Bagamoyo, kabla ya kufika Mapinga makalio yanawaka na vidole viwili vya mwisho vimekufa ganzi. Jamaa amekushauri ununue siti pana ya jeli. Umebakiwa na laki mbili na nusu, unauliza ianzie wapi.

Kwa leo isianzie popote. Hiyo barabara ya Bagamoyo ndiyo uwanja wangu wa Jumamosi kwa miaka sasa, na karibu kila mgeni anayejiunga na kundi letu anakuja na malalamiko hayo hayo. Tukimkagua tunakuta kiti kiko chini mno. Sababu naijua: wengi tulijifunzia baiskeli za kiti kipana chenye springi, unakaa wima, miguu inagusa ardhi, na tunadhani ndivyo kila baiskeli inavyotakiwa kuwa. Ya resi ina hesabu nyingine. Uzito wako unagawanywa sehemu tatu: makalio, mikono, na miguu inayokanyaga. Kiti kikiwa chini miguu haibebi kitu, mwili wote unalala kwenye makalio, halafu unashangaa yanauma.

Egemeza baiskeli ukutani, panda, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke wote bila nyonga kulalia upande. Ukirudisha sehemu pana ya wayo kwenye pedeli, goti litabaki na mkunjo kidogo, na hapo ndipo penyewe. Anayependa hesabu asimame pekupeku, mgongo ukutani, abane kitabu katikati ya mapaja hadi juu kabisa, apime kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni, kisha azidishe kwa 0.883. Aliyeipa umaarufu kanuni hii ni Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara tatu. Ukipata sm 80, juu ya kiti pawe sm 70.6 kutoka katikati ya ile ekseli kubwa inayozungusha pedeli. Ni pa kuanzia tu. Baada ya hapo magoti yatakuambia: likiuma kwa mbele, mara nyingi kiti kiko chini, likiuma kwa nyuma, kimezidi. Sogeza nusu sentimita, panda siku mbili tatu, ndipo usogeze tena.

Kwa kimo hicho miguu haitafika chini ukiwa umekaa. Usiogope. Kwenye foleni unashuka mbele ya kiti, mguu mmoja ardhini, mwingine kwenye pedeli. Jizoeshe kwenye uwanja mtupu kabla ya kuingia barabarani na daladala.

Vidole. Kile cha mwisho na mwenzake wa pembeni vinategemea mshipa mmoja wa fahamu unaopita ukingoni mwa kiganja, pale pale unapoegemea usukani. Ukiubana kwa muda unapata ganzi. Glavu zinasaidia kidogo, lakini anza na pua ya kiti. Mafundi wetu wengi huiinamisha wakidhani wanakuhurumia, kumbe unateleza kwenda mbele na mikono inageuka breki ya mwili mzima. Weka pima maji juu ya kiti kisawazike, hata ile ya kwenye simu inatosha. Kisha legeza viwiko, na badilisha pa kushika kila baada ya muda: juu, kwenye vifuniko vya breki, kwenye pembe za chini. Kama usukani bado uko mbali, badilisha kile kipande kinachouunganisha na fremu uweke kifupi, au upandishe ukiruhusu. Usiwaige wale wa Kigali. Wanaume walipiga km 267.5 siku moja wamelala juu ya usukani kwa sababu migongo yao imefundishwa hivyo toka ujana, na wanalipwa. Sisi tunakwenda kula samaki Bagamoyo.

Sasa siti ya jeli. Ukikaa, uzito unabebwa na mifupa miwili ya chini ya makalio. Kiti kigumu kiasi, chenye upana wako, kinaishika hiyo mifupa na kuacha katikati huru. Kile laini mno mifupa inazama, jeli inapanda katikati, inabana nyama, mishipa ya damu na ya fahamu. Dakika kumi za kwanza ni raha tupu dukani, saa moja baadaye ni mateso. Na kikiwa kipana kinasugua mapaja. Kujua upana wako, kata kipande cha boksi lenye mawimbi ndani, kiweke kwenye ngazi ya saruji, kaa, inama mbele kama unaendesha. Utaona mabonde mawili. Pima katikati hadi katikati, na kiti kizidi hapo sentimita mbili hivi. Chenye mfereji katikati kinawafaa wengi, wanaume na wanawake. Na ganzi ya sehemu za siri si jambo la kujikaza kiume: simama juu ya pedeli kila baada ya dakika chache, na kama inarudi, kiti hicho si chako.

Ukishamaliza hayo ndipo utoe pesa, na sehemu kubwa ya hiyo laki mbili na nusu iende kwenye bukta moja nzuri yenye pedi. Si mbili za ovyo, ni moja nzuri. Pedi nzuri haina unene wa godoro. Imeshonwa kwa tabaka, imebanana pale mifupa inapokaa, na mishono yake haipiti mapajani kwa ndani. Ikamate kiganjani uibonyeze: ikigusana upande kwa upande kama sponji ya kuoshea vyombo, irudishe. Ya wanaume na ya wanawake hazifanani umbo la pedi, kwa hiyo usimpitishie mkeo ya kwako.

Bukta hiyo inavaliwa bila boksa. Najua unacheka, lakini kazi yake yote ni kuondoa mshono na pamba iliyolowa jasho kati yako na kiti, na ukivaa boksa ndani umevirudisha vyote viwili. Kwa joto la Dar hilo ndilo adui kuliko mabonde ya barabara. Ushauri mwingi wa mitandaoni umeandikwa na watu wa nchi za baridi, wanakuuliza utavaa tabaka ngapi. Hapa swali ni jasho litakwenda wapi. Pakaa mafuta ya mgando mapajani na pale pedi inapogusa, kiasi, kabla ya kutoka. Ukirudi ivue papo hapo, usikae nayo ukinywa chai na kupiga stori, maana vipele na majipu huanzia hapo. Ifue kwa sabuni ya kawaida, igeuze ndani nje, ianikwe mpaka pedi ikauke kweli. Usiweke kilainisha nguo, kinaziba vitundu vya kitambaa.

Kama una kitambi (na kazi ya ofisini naijua), tafuta yenye mikanda ya mabegani. Ile ya lastiki kiunoni ukiinama inakata tumbo, na kila ukisimama unaivuta juu. Ya mikanda inakaa palepale. Ubaya wake ni kwenye haja, hasa kwa akina mama, ndiyo maana wengi wa kundini kwetu wamebaki na ya kiunoni yenye mkanda mpana.

Kuna swali hukuuliza ila wengi wanalo: kupita mtaani umebanwa hivyo mbele ya wakwe na watoto. Vaa bukta pana nyepesi juu yake, imekwisha. Dada zetu wanavaa suruali ya kubana yenye pedi, juu gauni fupi la michezo au shati refu lenye mpasuo, ilimradi lisifike kwenye cheni wala spoku. Mtandio chini ya kofia ngumu uwe mwembamba, usiwe na pini wala fundo kisogoni, kofia ikae sawa.

Jezi kanunue mtumba, roho safi. Soko la Karume wanashusha jezi za baiskeli za vilabu vya Ulaya ambazo wauzaji hawajui hata ni za nini; mifuko ile mitatu ya mgongoni wanadhani ni urembo. Usiulizie kwa jina, chambua mwenyewe kwenye rundo la jezi za mpira. Kitambaa kiwe chepesi cha polista, zipu ifunguke hadi kifuani, rangi ya kupiga kelele. Fulana ya pamba iache nyumbani, ikilowa inakaa mwilini kama taulo. Zipo za mikono mirefu nyembamba, na mimi ndizo ninazopenda: jua la saa tatu pale Kerege halina huruma na ngozi nyeusi pia inaungua.

Mtumba una mipaka yake, na bukta yenye pedi ni mmojawapo. TBS, shirika la viwango, wamekataza nguo za ndani za mtumba, na hii, ukifikiri, ni nguo ya ndani kabisa. Tena pedi iliyokaliwa na Mjerumani miaka mitatu imeshalala, hata ukiichemsha haiamki. Mpaka wa pili ni kofia ngumu. Povu lake likishapokea kipigo kimoja limemaliza kazi, na kwa nje huoni alama. Nunua mpya, tafuta ndani kibandiko cha EN 1078, kiwango cha Ulaya cha kofia za baiskeli, ikae vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda wa kidevuni uache nafasi ya kidole. Ile ya bodaboda ni nzito na haipitishi hewa. Utaivua njiani, na ikivuliwa haina faida.

Viatu vya kunasa kwenye pedeli visikusumbue mwaka huu. Raba yenye soli ngumu inatosha. Miwani ni lazima, kwa mchanga na wadudu. Lenzi nyeupe kwa alfajiri. Taa nyekundu nyuma, nyeupe mbele, na kizibao cha kuakisi mwanga.

Starehe nyingine hainunuliwi. Kanyaga giya nyepesi, miguu izunguke kama mara 80 au 90 kwa dakika, badala ya kusukuma giya nzito kwa kujionyesha. Magoti ya miaka 43 yanaweka kumbukumbu. Ondoka kabla ya saa kumi na mbili, uwe umerudi jua likianza kukaza. Chupa moja ya maji kwa saa, zaidi kukiwa na joto, na dafu mkigeuza. Soma upepo pia. Wakati wa kaskazi unapambana kwenda Bagamoyo na kurudi unasukumwa, raha. Wakati wa kusi mambo yanageuka: unakwenda kama bingwa, unafika na nguvu zako zote, ukigeuza tu ndipo unagundua bingwa alikuwa upepo. Miezi hiyo nawaambia wageni waishie nusu ya wanayoyaona wanayaweza. Au waanzie daraja la Tanzanite asubuhi na mapema, km 1 na kidogo juu ya bahari, waende na kurudi mpaka mwili uzoee.

Nimeacha tairi mwisho kwa sababu linaweza kula chenji yako iliyobaki. Fundi wa kona anajaza mpaka liwe jiwe, eti ndiyo mbio. Jiwe linarusha kila changarawe hadi kwenye kiti na mikono. Kwa mtu wa kilo 75 kwenye tairi lenye upana wa mm 28, presha ya psi 70 hadi 80 inatosha na hutapoteza mwendo. Na kama fremu inaruhusu mm 28 badala ya 23, hakuna kitu kitakachokupa raha zaidi kwa bei hiyo. Valvu za resi kwa kawaida ni nyembamba na pampu ya fundi ni ya valvu nene, kwa hiyo tembea na kile kipande kidogo cha shaba cha kuunganishia, ulegeze kinati cha juu kabla ya kujaza.

Ila usinunue tairi kabla hujasoma namba ubavuni. Resi za kisasa ni 622, yaani kipenyo cha rimu kwa milimita pale tairi linapokaa. Zile za chuma za zamani kuna zenye 630, maarufu kama inchi 27, na tairi la moja halikai kwenye rimu ya nyingine hata fundi aape. Weka picha ya hizo namba hapa. Ongeza na ya baiskeli nzima kutoka upande wa cheni, wewe ukiwa umekaa juu, umevaa viatu vyako, pedeli ya upande wa kamera ikiwa chini kabisa, tuone hicho kimo cha kiti.