Bima imeandika "dégâts des eaux", mbona mafuriko hayalipwi?

SWALI: Ndugu wahariri, nyumba yetu iko bondeni, komine ya Kampemba, hapa Lubumbashi. Mvua ya mwezi wa pili ilijaza mtaro, maji yakaingia sebuleni hadi magotini. Bima yetu ina kipengele cha "dégâts des eaux", lakini kampuni imekataa kulipa. Wana haki kweli?
Mama wa Kampemba

JIBU: Pole sana, Mama. Kwa maneno hayo peke yake, mara nyingi wanayo, na hapo ndipo familia nyingi zinapoumia. "Dégâts des eaux" ni maji ya ndani ya nyumba: bomba lililopasuka, tangi lililofurika. Maji yanayotoka nje na kutambaa juu ya ardhi, mto ukifurika au mtaro ukishindwa, ni "inondation". Hayo hulipwa tu kama neno hilo limo kwenye mkataba nawe umelilipia. La tatu ni "refoulement des égouts", maji machafu yanayorudi juu kupitia mabomba. Kwa hiyo kumbukeni vizuri: yaliingia mlangoni, au yalipanda kutoka tundu la bafu?

Fungua kurasa za "conditions particulières" uone mlichonunua, kisha "exclusions", yaani yasiyolipwa. Dai barua ya kukataliwa inayotaja kifungu. Jibu la mdomo usilipokee.

Mkinunua kinga ya mafuriko, nunueni kiangazi, mwezi wa sita au wa saba. Mikataba mingine ina "délai de carence", siku za kungoja kabla kinga haijaanza, na mvua kubwa zikishaanza mwezi wa kumi na moja mtakuwa mmechelewa. Uliza pia kama ukuta wa lupango (kiwanja) umehesabiwa, na kama udongo ukiporomoka unalipwa. Mara nyingi mmomonyoko huachwa nje.

Maji yakiingia tena, piga picha kabla ya kuondoa matope. Pima kwa sentimita yalipofika ukutani. Friji na magodoro yaliyoharibika yasitupwe mpaka mkaguzi ayaone. Barua ya taarifa iwe nakala mbili, yako irudi na muhuri na tarehe. Siku za kutoa taarifa zimeandikwa kwenye mkataba, nazo ni chache.

SWALI: Nyumba niiandikishe kwa bei gani?
Baba wa Katuba

JIBU: Kwa gharama ya kuijenga upya, Baba. Bei ya lupango iondoe, maana ardhi haijengwi upya. Ila usipunguze ili ulipe kidogo. Nyumba ya dola 40.000 ukiiandikisha kwa 20.000, umekinga nusu. Hasara ya 8.000 italipwa 4.000, ndiyo "règle proportionnelle", kisha "franchise", sehemu unayobeba mwenyewe, inakatwa. Vyombo vya ndani vina mstari wao. Ukiwa mtupu, zitalipwa kuta tu.

Kabla ya kutia sahihi, hakikisha kampuni ina kibali cha ARCA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Sheria ya 2015 ilifungua soko lililokuwa la SONAS, kampuni ya bima ya serikali, peke yake, kwa hiyo unaweza kuomba bei kwa kampuni mbili au tatu na kulinganisha neno kwa neno.