Ng'oa lantana kabla kaskazi haijaanza

Kama shamba lako limepakana na lantana, kile kichaka cha kigeni kinachovamia mashamba, usingoje Januari, kaskazi, upepo wa kiangazi, ikiwa imeshika. Mimi nilingoja, nikapoteza michungwa 11 kwa asubuhi moja.

Shamba letu liko chini ya milima ya Usambara Mashariki, upande wa Muheza. Mpaka wa chini ulikuwa na ua wa lantana uliojiotea wenyewe, mrefu kumpita mtu mzima. Niliupenda. Mbuzi hawakupenya, maua yake yalipendeza, na watoto walichuma vitunda vyeusi vilivyoiva. Tena niliamini kwamba kitu kibichi namna ile hakishiki moto.

Mwezi wa pili jirani akawa anasafisha shamba kwa moto akisubiri masika. Kwenye saa nne upepo ukapanda, moto ukamshinda. Ulipokuwa kwenye nyasi tuliuweza: ulikuwa wa magotini, tukaupiga kwa matawi mabichi, ukawa unafifia. Ulipogusa lantana tukasikia mlio kama wa bisi, ndimi zikatupita vichwa, hakuna aliyeweza kusogea. Lantana ilikuwa imeparamia mwembe. Moto ukapandia hapo hapo mpaka kileleni, na cheche zikaangukia michungwa.

Baadaye nilikikata kipande cha ua kilichonusurika. Nje kulikuwa na majani ya kijani. Ndani mlikuwa na vijiti vikavu vya unene wa kidole, vimesukana, na chini yake, nilipotia mkono, majani makavu yalinifika kwenye kifundo. Miaka yote ile nilikuwa nafuga kuni mpakani.

Nyasi huungua chini kwa chini na kwisha haraka. Kichaka huupa moto ngazi ya kufikia matawi, na miti ya misitu minyevu kama yetu haikuzoea moto. Ukingo wa msitu wenye kivuli mara nyingi huuzima moto wa shambani. Ukijaa lantana, moto unaingia. Miti ikifa jua linapenya, na lantana inapenda jua. Ni kweli kwamba kichaka kikifunga sana huua nyasi, na moto mdogo mdogo hupungua. Lakini ukija mwaka wa ukame, kinachoungua ni kingi mno.

Si kwetu tu. Baada ya moto wa Knysna, Afrika Kusini, wa Juni 2017, uliounguza mamia ya majengo, watafiti walikuta kwamba uoto wa asili uliovamiwa na mimea ya kigeni uliungua vibaya kuliko ule usiovamiwa. Nchi hiyo imekuwa ikiajiri watu kuondoa mimea vamizi tangu 1995.

Sasa kazi yenyewe. Usiichome. Yangu ilichipua kwenye visiki mara tu masika yalipoanza. Panga peke yake nalo ni kuipogoa tu. Ing'oe wakati wa vuli, ardhi ikiwa laini, uchimbe shina na mizizi kwa sururu, na uwahi kabla ndege hawajasambaza mbegu. Matawi yatoe shambani siku hiyo hiyo. Lundo lililoachwa likauke chini ya mti ni hatari kuliko kichaka kilichosimama. Usiwape ng'ombe, majani yake ni sumu.

Ukiwa huna nguvu kazi ya kutosha, anza na lantana iliyogusa miti, kisha iliyo karibu na nyumba, ndipo ukate mapengo kwenye ua ili moto usipate njia moja ndefu. Pale ulipong'oa usipaache wazi. Mimi nimepanda migomba na viazi vitamu, na bado kila mvua napita kung'oa miche. Huu ni mwaka wa tatu.

Jirani yangu hakuwa na nia mbaya, na lantana ilikuwa yangu. Siku hizi hachomi bila kuniambia, na huchoma alfajiri umande ukiwa bado upo, tukiwa wote wawili. Imebaki lantana ya kando ya kijito, ile inayopanda moja kwa moja mpaka msituni. Vuli hii tunaanzia hapo.