Utafiti wa ubobezi: maswali ya madaktari walio masomoni

Wiki hii najibu madaktari wanaosomea ubingwa na ubobezi hapa Tanzania. Karibu wote wanahangaika na kitu kimoja: tasnifu.

Shikamoo dokta. Nasomea ubobezi wa figo, na mwezi wa nne huu sina mada. Kila ninayompelekea msimamizi anasema ni pana. Nifanyeje? (Dar es Salaam)

Marahaba. Rudi wodini, mada yako iko huko. Jiulize ni jambo gani linakukera kila unapopita vitandani. Kwa mfano: kati ya wagonjwa walioanza kusafishwa damu kwa mpira wa shingoni, ni wangapi mpira wao uliingia vijidudu ndani ya siku 90? Hilo linatosha kabisa. Sentensi moja inakwambia unamtafuta nani, unatafuta nini, na kwa muda gani.

Kisha, kabla hujaandika ukurasa hata mmoja, chukua mafaili 20 uone kama unachokitafuta kimeandikwa. Naomba sana usiruke hatua hii. Mimi nilipokuwa masomoni nilijenga utafiti mzima juu ya kipimo cha mwezi wa sita cha kreatinini, kile cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Kibali kikatoka, nikafungua mafaili, na karibu nusu hayakuwa na kipimo hicho. Nilianza upya huku wenzangu wakichambua takwimu. Asubuhi moja kwenye chumba cha kumbukumbu ingeniokoa.

Msimamizi wangu anasema sampuli lazima iwe 384. Kliniki yetu haina wagonjwa hao. (Mwanza)

Namba hiyo haikushuka mbinguni, ndugu yangu. Inatoka kwenye kanuni ya kukadiria kiwango cha tatizo, ukichukulia kwamba lipo kwa asilimia 50 ya watu, kwa kosa la asilimia 5 na uhakika wa asilimia 95. Na kama wagonjwa wote wa aina hiyo mnaowaona kwa mwaka ni 200, yapo marekebisho ya kundi dogo yanayoishusha hadi 132. Mpelekee msimamizi hesabu hiyo ikiwa imeandikwa, kwa heshima. Ila kama unalinganisha makundi mawili, kanuni hii si yako. Nenda kwa mtakwimu sasa, usisubiri mpaka umeshakusanya.

Natumia mafaili ya zamani tu, sigusi mgonjwa. Bado nahitaji kibali cha maadili? (Moshi)

Ndiyo, na kabla ya kufungua faili la kwanza la utafiti. Hata yale 20 ya majaribio, uliza kwanza utaratibu wa hospitali yako. Kamati ya maadili inaweza kukusamehe kuomba ridhaa ya kila mgonjwa, lakini uamuzi huo ni wake, si wako. Tamko la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba wa mwaka 1964, lililorekebishwa tena Oktoba 2024, linagusa pia taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu, na sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa hiyo mpe kila mgonjwa namba, orodha ya majina ifungie mahali pengine, na usitume picha ya faili kwenye kundi la WhatsApp, hata la wasimamizi. Yule mama aliyelala kitanda namba 6 alikuja kutibiwa. Siri zake alituachia sisi madaktari wake.

Msimamizi anataka jina lake litangulie kwenye makala ya tasnifu yangu. (Dodoma)

Wazo likiwa lako, ukakusanya na kuandika wewe, wa kwanza ni wewe. Kusimamia kwa dhati kunampa nafasi kwenye orodha, na kwa kawaida msimamizi mkuu hukaa mwisho. Yazungumzeni mapema, uso kwa uso, kisha mwandikie barua pepe ya kumshukuru inayotaja mlichokubaliana.

Jarida limeniahidi kuchapisha ndani ya siku tano nikilipa. (Mbeya)

Achana nalo. Makala haisomwi na wataalamu na kusahihishwa kwa siku tano. Mkutubi wa chuo atakusaidia kupata jarida la kweli, na akuonyeshe pia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaofungulia nchi kama yetu majarida ya kulipia. Wakati makala inasubiri, andika nusu ukurasa wa matokeo kwa Kiswahili, uwasomee wauguzi wa wodi ile ile ulikokusanya. Wao ndio wanaobadilisha bandeji kesho asubuhi.