Mradi wa Qinghai ulikwama wapi?

Swali: Habari ya kazi mhariri. Nimesikia kuna mradi wa Benki ya Dunia wa kupunguza umaskini vijijini China ulisimamishwa ukakaguliwa upya, sasa kwa nini wacheleweshe msaada wa maskini jamani?

Jibu: Salama ndugu yangu. Huo ni mradi wa China Magharibi, bodi iliupitisha Juni 1999, mkopo wa dola milioni 160, ila zile milioni 40 za mkoa wa Qinghai zikazuiwa mpaka Jopo la Ukaguzi, yaani chombo huru cha benki kinachochunguza malalamiko, lipitie kwanza. Mpango ulikuwa kuhamisha watu kama 58,000 kutoka milima iliyochoka mashariki ya mkoa, wengi wao wakulima maskini kweli, wa makabila ya Wahui, Tu, Wasalari, Wahan na Watibeti pia, wapelekwe wilaya ya Dulan mkoani humo humo, na Dulan ni eneo la wamongolia na watibeti, yaani wachache wanaletewa wageni wengi, hapo ndo kelele zikaanza. Jopo lilitoa ripoti 2000 na haikuwa nzuri hata kidogo: kimazingira mradi uliwekwa daraja B wakati ulistahili A yenye tathmini kamili, na wenyeji waliulizwa maoni bila usiri, sasa hapo nani atasema hapana? Menejimenti ya benki ikataka muda na kazi zaidi, China ikachoka, Julai 2000 ikajitoa, ikasema sehemu hiyo itatumia hela zake. Sehemu nyingine za mradi, za Gansu na Mongolia ya Ndani, ziliendelea. Kwangu mimi ucheleweshaji haukuwa tatizo, tatizo ni kwamba hayo maswali yalikuja baada ya bodi kupitisha.