Jibu: Michoro ya kale ya miambani ya Kolo, Kondoa, imefifia, nimwagie maji ili picha itoke? Na je, ni maandishi?

Mkuu, maji usimwage hata tone. Rangi itakolea dakika chache, sawa, lakini maji yanayeyusha chumvi za mwamba. Yakikauka, chumvi inabaki juu kama utando mweupe na mchoro unazidi kupotea. Soda ndiyo balaa kabisa.

Badala yake piga picha: subiri mwamba wote uwe kivulini. Zima flashi, kamera iwe kwenye stendi, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) iwe 100. Weka rula ya sentimita 10 kando ya mchoro, isiguse rangi. Kisha fungua picha kwenye DStretch, programu ya kukoleza rangi zilizofifia: kwa wekundu anza na chaguo la LRE, ikigoma jaribu CRGB. Mara nyingi miguu ya pofu au twiga uliyodhani imefutika inajitokeza.

Siyo maandishi; hakuna alama zinazosimamia sauti wala maneno. Kinachosomeka ni tabaka: michoro minene myeupe imepakwa juu ya ile myembamba myekundu, kwa hiyo nyekundu ilitangulia. Umri wake je? Hapo watu wanadanganyana sana. Wekundu huo ni oksidi ya chuma, hauna kaboni, hivyo kipimo cha kaboni-14, kinachokadiria umri kwa kupima kaboni, hakiwezi kupima rangi yenyewe.

Na upitie kwanza ofisi ya Mambo ya Kale palepale Kolo.